Magego Matatu

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Ulimsukuma Bi Edelmira Oyarzún mgongoni hadi mapokezi,
skafu imezungushwa mara tatu, jicho moja tu likichungulia.
Nikampa fomu. Aliandika, hakusema.
Kusema kunauma.

Miaka mitatu. Upande wa kulia tu. Kama umeme.
Mswaki: hapana. Kutafuna: kushoto, siku zikiwa nzuri.
Mume wangu nimemzoeza kunibusu kiganjani.
(Hilo la mume fomu haikuuliza.)

Magego matatu yaling'olewa, moja baada ya jingine,
na daktari wa meno aliyekuwa na hakika mara tatu.
Maumivu yakabaki palepale,
kama mpangaji aliyebomolewa nyumba
naye bado analala juu ya msingi.

"Vua kila cha chuma," ndiyo salamu yangu kazini.
Hereni. Pini za nywele, saba.
Pete ya ndoa ilitoka kwa sabuni, tena shingo upande.
Akauliza, kiganja kimekinga shavu bila kuligusa:
"Mashine itanigusa?"
Haigusi, nikasema. Inapiga kelele, basi.
Nikamteremshia kizimba cha plastiki usoni
kama mtu anayekinga mshumaa usizimike,
nikamtia mkononi mpira wa kengele,
kwenye kiganja kilekile cha busu.

Dakika kumi na moja zilikwenda salama.
Ya kumi na mbili, vidole vya miguu vikakunjika.
Kengele haikulia.
Kwenye kioo changu kingo za fuvu zikawa mbilimbili,
ukungu, nami nikajua bila kuambiwa:
yamemkuta humo ndani.
Alijikaza asiniharibie kazi,
na kule kujikaza ndiko kulikotikisa picha.

"Tutarudia, mama. Hatuna haraka."
Uongo. Nje walikuwa wanne wakingoja,
mmoja ametoka Porvenir kwa feri, na tapishi lake kwenye mfuko.

Nikarudia. Vipande vyembamba kuliko ukucha,
kimoja, kingine, kingine,
nikishuka ndani ya kichwa cha mtu ambaye nusu saa iliyopita
sikujua rangi ya jicho lake la pili.
Halafu hao hapo.
Mshipa wa fahamu, mwembamba, wa kijivu,
ukichomoza kwenye shina la ubongo;
na mshipa wa damu umejikunja kitanzi, umeulalia.
Mshipa juu ya mshipa.
Hakuna uvimbe. Jino halimo.
Kitanzi tu, kikigonga kila moyo unapodunda.
Nikaanza hesabu: mapigo sabini kwa dakika,
kwa saa, kwa miaka mitatu...
nikaiacha.
Moyo wake mwenyewe, usio na kosa,
ndio uliokuwa ukimzaba makofi.

Daktari Mihovilovic huliogopa neno "hakika"
kama paka anavyoogopa maji.
Alisogeza kiti, akasogeza miwani.
"Wapo wenye mishipa iliyogusana hivi na hawaumwi kamwe.
Lakini kwa upande huu, kwa maumivu haya, andika: inaelekea."
Kisha, jambo asilolifanya mara nyingi, akasema mama aitwe atazame.

Bi Edelmira alitazama muda mrefu.
Alipoelezwa habari za Santiago, za upasuaji,
za kipande kidogo laini kitakachowekwa katikati,
za foleni ya miezi, pengine minane,
alitikisa kichwa, nadhani hakusikia.
Alifungua mkoba, akatoa kibiriti,
na ndani ya kibiriti, juu ya pamba, magego matatu.
Akayaelekeza kwenye kioo, moja moja,
akasema kwa nusu ya mdomo:
"Mmeona? Si nyinyi."

Pete hakuivaa; aliitia humohumo kibiritini.
Akazungusha skafu, mara moja, mbili, tatu.
Mlango ulipofunguka upepo ulikuwa uleule, wa usoni,
hivyo akatoka kinyumenyume hadi barabarani,
akitutazama.